Mabati ya Dani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza peke yangu, kisha nikausikiliza tena na baba yako. Umeuliza kama ujitoe kwenye kundi la WhatsApp la wale mliosoma pamoja, maana mtu akiweka picha ya gari jipya au kiwanja cha Kitengela, wewe huna usingizi hadi saa nane usiku. Ulitaka jibu la ndiyo au la. Mimi nitakuandikia habari za mabati ya Dani, nyanya yako, na najua utaguna, lakini vumilia.

Nyumba ya Rarieda, kule Siaya, unaikumbuka ilivyokuwa kabla ya mabati. Mlilala wote mmebanana upande wa mlangoni kwa sababu upande wa pili nyasi zilikuwa zimeoza na maji yalidondoka hadi kitandani. Dani alikataa pesa za baba yenu, akisema hiyo ni karo. Akamswaga yule fahali mwekundu hadi soko la Aram, akarudi na kamba mkononi, na wiki iliyofuata mabati yakaletwa. Mvua ya kwanza ilipopiga, kelele zilijaa nyumba hata hatukusikizana. Yeye alikuwa ameketi katikati ya chumba na kikombe cha chai, uso ameuinua juu, anacheka. Hakuna tone lililoingia. Nimehudhuria harusi na mahafali mengi, na furaha kama ile sijaiona tena kwa mtu mzima.

Mwaka uliofuata, 2011, wakaja wale wa shirika linalowapa maskini pesa kwa simu. Walitafuta nyumba za nyasi, kwa kuwa paa la nyasi ndilo walilolitumia kutambua maskini. Kati ya wenye nyasi wakapiga kura. Aliyebahatika alipata shilingi 25,200, na baadhi ya waliobahatika walifikishiwa 95,200, bila sharti lolote. Jirani wa ng'ambo ya ua, yule aliyekuwa akiwapa njugu, jina lake likatoka. Dani hakuulizwa hata anaitwa nani. Mabati yake yalikuwa yameshamjibia.

"Ningejua," aliniambia, "ningelala na mvua mwaka mmoja zaidi."

Neno hilo linaniuma hadi leo. Paa lilikuwa lilelile, misumari ileile, na bado halikuvuja. Lakini jirani alipoezeka, mabati yake mapya yakawa yanarudisha jua la asubuhi hadi mlangoni pa Dani, naye akahamisha kigoda akawa anapepeta mahindi nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha hachemshi chai. Siku moja akaniuliza, kwani yeye alikosa nini kwa kujitahidi mapema? Nikiwa mwalimu wa miaka mingi, sikupata jibu la kumpa.

Jicho halishibi. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa chekechea, na nitaendelea kukwambia.

Na angalia jicho lenyewe linaangalia wapi. Tulikuwa tukipita njia ya Bondo, Dani anaona majumba ya wakubwa, ya ghorofa, anayasifu na safari inaendelea. Usingizi wake haukupotea kwa ajili ya mheshimiwa yeyote, ulipotea kwa ajili ya mama waliyechota naye maji kisima kimoja. Chuoni tulifundishwa habari za Mmarekani Leon Festinger, aliyeandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa wale wanaofanana naye. Ndiyo maana bilionea wa kwenye runinga hakusumbui, ila yule uliyekaa naye dawati moja anakukosesha usingizi. Huna roho mbaya, mwanangu. Usijiite tena hivyo ulivyojiita kwenye ule ujumbe.

Watafiti walifuatilia zile pesa za Rarieda, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakiwemo. Walichukua hata mate ya watu ili wapime kotisoli, kemikali inayopanda mwilini mtu akiwa na msongo. Waliopata pesa walisema wana furaha zaidi na msongo wao umepungua. Lakini walipowauliza wenye nyasi waliokosa kura, waliwakuta kuridhika kwao na maisha kumeshuka, na kadiri majirani walivyotajirika ndivyo kulivyozidi kushuka. Dani na mabati yake hakuwa kwenye hesabu hiyo. Niliposoma matokeo hayo nilimwona yeye tu, na kigoda chake nyuma ya nyumba.

Lakini ngoja, nisikupotoshe. Hao hao watafiti wanasema pesa ilisaidia, nami nimeona. Yule jirani alilala pakavu na watoto wake, akanunua mbuzi, akaacha kukopa unga. Mtu mwenye pensheni hana haki ya kumhubiria anayelipa kodi Nairobi kwamba pesa si kitu. Pesa ni kitu. Ukitaka mshahara mkubwa, utafute bila kuona haya. Ninachokataa ni kukubali kwamba ulichonacho kimepungua kwa sababu mwenzako kaongezewa.

Sasa nikueleze kilichomrudisha Dani upande wa mbele. Mvua za masika zikaja na upepo wa ziwani, usiku ukang'oa bati mbili za jirani, kwa kuwa fundi wake alipiga misumari michache. Asubuhi Dani akatoa lile kopo alilohifadhia misumari yake iliyobaki, akavuka ua, akasimama chini ya ngazi akimwelekeza fundi pa kupigilia kama yeye ndiye mwenye nyumba. Kisha wakanywa chai humo ndani, na humo ndani akaambiwa mambo. Kwamba hela zote zilikwisha. Kwamba shemeji wa yule mama wamemnunia kwa kuwa hakuwagawia. Kwamba kelele za mvua zinawaamsha watoto nao hulia. Dani alirudi jioni akaniambia, akiwa na huruma ya kweli, "Kumbe naye!"

Baba yako anasema si misumari, ni muda tu. Anayo hoja, sikatai. Watafiti nao waliona hivyo: uchungu wa aliyekosa ulipungua kadiri muda ulivyopita, na furaha ya aliyepata vilevile ilipoa, paa likawa paa. Huenda hata bila ule upepo kigoda kingerudi mbele. Nimewaza hili mara nyingi, na bado nasema ni misumari. Dani alikuwa ameliona lile paa kutoka nje kwa miezi mingi. Siku aliyoliona akiwa chini yake, lilikoma kumchoma macho.

Kwenye kundi lenu mnaonyeshana mapaa kutoka nje. Nani ameweka picha ya mkopo wa gari? Nani amesema anaishi na mtu wasiyesemezana naye? Mchague mmoja, yule anayekuchoma zaidi, mpigie simu. Usimwandikie, mpigie, na kama yuko Nairobi mkutane mkae. Muulize anaendeleaje, halafu nyamaza umsikilize.

Na kile ninachokuuliza kila jioni, kimeenda vizuri nini leo, nawe hunijibu kwa mkato, sikukitoa hewani. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake, mwaka 2005, waliwaomba watu waandike kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu yake. Miezi 6 baadaye walikuwa bado na furaha kuliko walivyoanza. Sababu ndiyo usiiruke. "Nimelipwa" haitoshi. Andika umelipwa kwa nini, ulifanya nini wewe.

Kuhusu usingizi sina maneno mengi. Ikiwa hali hii imezidi wiki mbili, au chakula hakipiti, au mambo uliyokuwa ukiyapenda hayakuvutii tena, nenda umwone daktari au mshauri nasaha. Usisubiri ruhusa yangu, na usiseme ni kijicho tu.

Unataka nikwambie utoke kwenye kundi au ubaki. Nina maoni, tena makali, na kalamu imegusa karatasi mara kadhaa nikaiondoa. Ukitoka kwa kuwa mama alisema, utarudi kwa mlango mwingine. Ukibaki kwa kuwa mama alisema, utanilaumu usiku ukiwa macho. Mpigie huyo mmoja kwanza, uamue mwenyewe, nami sitasema neno. Nitajitahidi nisiseme.

Lile wazo la gari la mkopo nalo nimeliacha kwa baba yako. Atakupigia Jumamosi, na ameshaandika maswali yake, kwa hiyo uwe na ile karatasi ya riba karibu.

Mama yako,
Kisumu