Last Christmas ya Wham! ilitoka 1984, si 1986

Kuna wanaosema Last Christmas, wimbo wa Krismasi wa kundi la Uingereza Wham!, ilitoka 1986. Hapana, ilitoka Desemba 3, 1984, na wakati huo haikushika namba moja kwenye chati ya Uingereza. Iliishia namba mbili kwa sababu Band Aid, kundi la wasanii mbalimbali, walikuwa juu na ule wimbo wa kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Kumbuka George Michael mwenyewe, mwimbaji wa Wham!, aliimba humo pia, na mrabaha wa Last Christmas nao ulipelekwa huko huko Ethiopia. Hilo linastahili kutajwa kila wimbo huu unapopigwa.

1986 ni mwaka Wham! walipovunjika, nadhani ndipo watu wanapochanganya.

Nina ile santuri ya inchi 7. Ukiigeuza unakuta Everything She Wants, na zote mbili zilitolewa kama nyimbo kuu, hakuna ya kujazia nafasi. Huo wa pili ndio ulioshika namba moja Marekani mwaka 1985, kwa hiyo anayesema "single ile ilikuwa namba moja" hajakosea kabisa, ila ni wimbo mwingine na nchi nyingine.

Uingereza Last Christmas ilifika kileleni Januari 2021, zaidi ya miaka minne baada ya George kufariki siku ya Krismasi 2016. Namba moja ya wiki yenyewe ya Krismasi ikaja 2023. Ila siku hizi chati zinahesabu na usikilizaji wa mtandaoni, wakati 1984 ilikuwa ni kununua santuri dukani tu, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja.