Amari Inayozeeka Bila Kuonekana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa Bagamoyo. Amari ya mashua yangu, yaani kamba ya nanga, ya plastiki ya kijani, ilikatika usiku kusi lilipochafuka, ingawa kwa macho ilikuwa nzima. Je, mkemia anaweza kuipima kamba akajua kuwa imezeeka kabla haijakatika? (Mvuvi, Bagamoyo)

JIBU: Ndugu mvuvi, pole sana. Anaweza, na afadhali umeuliza, kwani amari hushikilia roho za watu.

Kamba za aina hiyo aghalabu ni za plastiki iitwayo polipropilini. Ukitupa kipande majini kitaelea, ilhali nailoni huzama. Nguvu yake inatokana na molekuli zilizoungana kama mnyororo mrefu. Mionzi ya urujuanimno ya jua huukata mnyororo huo, oksijeni ya hewani ikajishika hapo, na hivyo huzaliwa vifungo vya kaboni na oksijeni ambavyo havikuwamo kamba ilipotoka kiwandani. Mkemia huumulika uzi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na vifungo hivyo hujitokeza kwenye grafu kama kilele karibu na namba ya mawimbi 1,715 kwa sentimita. Kilele hicho kikikua kuliko kingine kisichobadilika, ujue jua limeila kamba.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni kile kinachoonya mapema. Kiwandani, plastiki hutiwa dawa ya kuikinga na oksijeni, nayo hupungua kidogo kidogo. Kipande kikipashwa moto ndani ya oksijeni, huhesabiwa dakika zinazopita kabla hakijaanza kuharibika. Zikiwa chache, kinga imekaribia kwisha hata kama kamba bado ina nguvu.

Lakini sampuli ichukuliwe kwa uangalifu. Ufungue msokoto wa ile sehemu inayoshinda juani omoni, yaani mbele ya mashua: nyuzi za nje zimepauka na huacha vumbi vidoleni, na za ndani zingali zinang'aa. Zipimwe zote mbili. Wala usitarajie kuambiwa umri kwa miaka, kwa sababu kamba iliyoanikwa juani mwaka mmoja yaweza kuwa imechakaa kuliko iliyokaa ghalani miaka mitano. Na mikwaruzo ya miamba haionekani katika vipimo hivi, hiyo utaitafuta kwa mkono.

Ukinunua amari nyingine, kata kipande cha urefu wa dhiraa moja kabla hujaifunga, ukiviringe katika kitambaa cheusi na kukiweka ndani ya nyumba, ili siku ya kupima mkemia awe na kamba ileile, ikiwa bado mpya, ya kulinganishia.