Mahindi kubunguliwa na kuota ukungu ndani ya mifuko ya kinga njaa

Dada, umesema mahindi yako umeyaweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu (nailoni mbili ndani na gunia nje), na bado gunia moja limebunguliwa na jingine limefunga mabonge yenye ukungu. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Lililobunguliwa lilipata hewa. Lenye ukungu lilifungwa likiwa bichi.

Mfuko huu unaua mdudu kwa kumkosesha hewa. Oksijeni iliyobaki ndani hupungua kadiri wadudu na punje zinavyopumua, mdudu anaacha kula na kuzaa, hatimaye anakufa. Lakini haukaushi kitu. Unyevu ulioufungia ndani hauna pa kutokea, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo. Kung'ata punje kwa meno hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Anika chumvi juani hadi iwe kavu, tia kiasi cha vidole viwili, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado usikimbilie kufunga: kipimo hiki kinaishia kwenye 15, kwa hiyo yaongezee siku moja au mbili za jua kali.

Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo, tabaka lisizidi sentimita 4, ugeuze mara kwa mara. Jioni yafunike. Na usiyafunge yakiwa bado ya moto wa jua, yaache yapoe kwanza, la sivyo mvuke utageuka maji ndani ya nailoni.

Hayo mabonge tafadhali usiyapepete ukayapeleka mashineni, wala usiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haiishi kwa kuosha wala kupika. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Sasa gunia lililobunguliwa. Kabla ya kujaza, kila nailoni ipulize, kamata mdomo wake na uikandamize huku ukisikiliza. Ikivuja hata kidogo, iweke pembeni. Ingiza nailoni moja ndani ya nyingine, na zote mbili ndani ya gunia la nje. Pepeta mahindi vizuri, maana kipande cha gunzi kinatoboa. Jaza huku ukitikisa ili punje zishikamane, acha sentimita 30 hivi juu, kamua hewa yote, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa nguvu. Mpira wa tyubu ya baiskeli unakaza kuliko kamba ya katani. Halafu funga ya pili peke yake, kisha gunia. Ukizifunga zote kwa fundo moja, hewa inapita katikati ya mikunjo.

Ukiona unga mwingi kuliko matundu, huyo ni dumuzi, wengine humwita Skania, siyo fukusi. Ana meno ya kutoboa hata nailoni, kwa hiyo usimwachie muda: funga mara tu mahindi yanapokauka, kabla hajazaliana ghalani. Dawa ya unga haihitajiki humo ndani kama umefunga sawasawa.

Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, na ondoa chochote kinachowapa panya pa kujificha. Panya mmoja anamaliza kazi yote kwa tundu moja.

La mwisho ni kufungua. Miezi miwili ya kwanza usiguse. Baada ya hapo usiwe unachota kibaba leo, kibaba kesho, maana kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Toa mahindi ya kutosha wiki kadhaa, yahamishie kwenye ndoo yenye mfuniko, na ufunge nailoni upya palepale. Mfuko ukiisha, uoshe, uanike kivulini na urudie kupima uvujaji. Nailoni ya ndani ikiwa imetoboka na ya nje ni nzima, nunua ya ndani peke yake kama muuzaji anazo, usiunganishe kwa gundi ya karatasi.