"Fine" na mkono juu ya kikombe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni neno gani dogo la Kiingereza lililokutoa jasho kuliko maneno magumu yote? Kwangu ni "fine".

Shuleni tulilijua kama wimbo. Mwalimu akiingia, darasa zima linasimama: "Fine, thank you, teacher!" Nikakua nalo hivyo, kwamba fine ni njema. Nilipoanza kuhudumu mezani katika nyumba ya wageni huko Unguja, nilimwuliza mama mmoja Mwingereza kama nimwongeze chai. Akasema, "I'm fine." Nikamimina. Akawahi kufunika kikombe kwa kiganja, na chai ya moto ikampata vidoleni. Roho iliniuma siku nzima. Kumbe alikuwa amesema: asante, imenitosha.

Tangu hapo nalisikiliza neno hili kila linapotamkwa. Mchanga laini ni fine. Uzi mwembamba ni fine. Lakini mume na mke wakivutana, mmoja akasema "Fine!" kwa mkato na kugeuza uso, hapo hakuna wema wowote. Ni "haya!" ya mtu aliyechoka kubishana. Na kwa kweli haya ndiyo ndugu yake wa karibu kwetu: ipo haya ya kukubali, haya ya kuagana, haya ya kununa, na inayoamua ni sauti. Ningekuwa mwalimu wa Kiingereza ningeanzia hapo, kabla ya kamusi.

Je, faini ya trafiki? Shina lake ni neno la Kilatini, finis, yaani mwisho. Ulaya ya zamani, malipo ya kumaliza shauri yaliitwa hivyo: fedha ikitolewa, kesi imekwisha. Fine ya uzuri nayo imetoka humo humo, kitu kilichomalizwa kikakamilika. Kwa hiyo faini ya barabarani na fainali ya kombe ni wajukuu wa babu mmoja. Hao wawili tuliwapokea, tukawapa irabu zetu. Fine ya salamu hatukuihitaji, maana njema tulikuwa nayo tayari.

Siku hizi mgeni akiniambia "I'm fine", kwanza nalitua birika, kisha namtazama mkono.