Kina Kwanza, Mstari Baadaye: Ushauri kwa Anayeghani Mitindo Huru Jukwaani

Baada ya kila onyesho huja mtu kuniuliza kama ni kweli kwamba mistari ile haikuandikwa. Haikuandikwa. Hata hivyo, jibu hilo huwapotosha wanaotaka kujifunza, kwa kuwa huwafanya waamini kwamba mghani wa mitindo huru, yaani anayerapu mistari anayoibuni papo hapo, amezaliwa na akili inayokwenda mbio kuliko za wenzake, ilhali miaka tisa ya kuigiza papo kwa papo imenionyesha kwamba kazi yenyewe ni kujua neno la mwisho kabla ya kutamka la kwanza, na kusikiliza kwa makini kuliko tunavyosikilizana katika mazungumzo ya kawaida.

Tuanze na neno la mwisho. Mdundo ukienda kwa mapigo 90 kwa dakika, mstari mmoja wa mapigo manne huchukua sekunde zisizofika tatu. Anayeanza huingia katika mstari wa kwanza bila kujua utaishia wapi, kisha mstari wa pili wote huutumia kusaka neno linalofanana na lile alilojikuta amelisema, na hadhira huona macho yake yakihangaika. Fanya kinyume chake. Ukipewa neno na hadhira, tuseme «ufunguo», liweke mwishoni mwa mstari wa pili, na kabla hujafungua kinywa tafuta neno jepesi la kina hichohicho litakaloufunga mstari wa kwanza:

Nimepekua mifuko ya kila nguo,
kumbe mkononi ninao ufunguo.

Msikilizaji huona kwamba nilianza na nguo kisha bahati ikaniletea ufunguo. Ukweli ni kwamba ufunguo ulikuwapo tangu mwanzo, na nguo ndizo zilizotafutwa. Ukilimudu jambo hili moja, nusu ya hofu yako itaondoka, kwa sababu unapoghani mstari wa pili tayari unajua unakokwenda, na akili inabaki huru kuwinda jozi ya vina inayofuata.

Kwa sisi tunaoghani kwa Kiswahili kuna mtego ambao nadhani hauzungumzwi vya kutosha. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na viambishi vyetu hutuzawadia vina bila jasho: kupendana, kuonana, kuachana; nyumbani, njiani, kazini. Mtu anaweza kughani dakika tano kwa vina vya namna hiyo asikwame hata mara moja, na bado hadhira ikachoka katika dakika ya kwanza, kwa kuwa sikio hutambua mapema kwamba kinachofanana ni kiambishi tu. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina chenye nguvu hulinganisha silabi hiyo pamoja na ile ya mwisho, na hunoga zaidi kinapokutanisha maneno ya aina tofauti: «janga» ambalo ni nomino na «anapanga» ambalo ni kitenzi, au «mlango» na «mpango» ambayo hayana ukaribu wowote wa maana mpaka wewe uyakaribishe. Mimi huyaita makundi haya koo za vina, na ninayo daftari lenye koo nyingi ambalo sijawahi kulipeleka jukwaani. Faida yake ni kwamba ubongo huyapanga upya maneno ninayoyajua, ili nikiguswa na moja, ndugu zake waamke.

Zoezi langu la kila siku ni dogo. Huwasha mdundo, huchagua kitu kilicho mbele yangu, na kukighani kwa dakika tano bila kusimama, hata mistari iwe mibovu. Kusimama ndiko ninakokukataza kabisa, kwa sababu mwili unaozoea kusimama nyumbani utasimama pia mbele ya watu. Mstari wa silabi 12 au 13 hunitosha, kwani ukiujaza mdundo wote hupati nafasi ya kuvuta pumzi, na pumzi ndiyo inayokupa muda wa kuchagua.

Mazoezi haya yote, hata hivyo, hayakuniokoa usiku mmoja ninaoukumbuka kwa majuto. Mama mmoja katika hadhira alitusimulia siku yake: alikuwa amemsindikiza mwanawe wa mwisho kwenda kuanza maisha mbali, akarudi nyumbani akakuta vikombe viwili mezani. Nilikuwa na mistari mizuri kuhusu safari, niliyoitunga juma lile, nikaitumia. Ilikuwa na vina safi, na watu walipiga makofi. Lakini sikuvitaja vile vikombe viwili, na nilimwona akiinamisha uso. Alikuwa ametukabidhi kitu chake, nami nikamjibu kwa kitu nilichokuja nacho mfukoni. Tangu siku hiyo sibebi mistari iliyotungwa, na kila ninapopewa neno au kisa hukirudia kwa sauti kama kilivyosemwa: kukirudia kunampa mwenye kisa hakika kwamba amesikika, na kunanipa mimi sekunde chache za kutafuta kina.

Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani waliwapima marapa 12 ndani ya mashine ya picha za ubongo, wakilinganisha mistari ya papo kwa papo na ile iliyokaririwa. Wakati wa kubuni, sehemu za mbele za ubongo zilizo karibu na katikati, zinazohusishwa na msukumo wa ndani, zilichangamka zaidi, huku sehemu za pembeni zinazohusishwa na kujisimamia na kujikosoa zikitulia. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini usiku nilioukagua kila mstari wangu kabla ya kuutoa ndio usiku nilioghani vibaya zaidi. Kujikosoa kuna nafasi yake, nayo ni kesho yake asubuhi. Kundi la Freestyle Love Supreme la New York, lililofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, mwaka 2019 likiwa na onyesho linalojengwa juu ya maneno ya hadhira, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa marafiki waliokuwa wakighani wakati wa mapumziko ya mazoezi, jambo linaloeleza mengi kuhusu wepesi ule unaoonekana jukwaani.

Maigizo pia yanadai kitu ambacho mashindano ya kughani hayakidai, yaani mwenzako. Katika shindano unamwangusha mpinzani. Katika igizo unampokea. Akighani kwamba mko ndani ya lifti iliyokwama, basi lifti imekwama, na kazi yako ni kuongeza kilichomo ndani yake. Mwachie mstari wa mwisho ulio wazi, wenye mtu au kitu anachoweza kukishika. Mtazame mpiga midundo pia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua lini muziki utakatwa, na mstari mzuri uliomaliziwa baada ya muziki kukatwa hupotea. Ukijikwaa, litaje kosa lenyewe katika mstari unaofuata na usonge mbele. Hadhira husamehe ulimi ulioteleza, lakini hukaa na wasiwasi pale inapokuona umeogopa.

Siku hizi, kabla onyesho halijaisha, huchagua jambo moja lililosemwa mwanzoni na mtu ambaye pengine anadhani limeshasahaulika, nikalirejesha katika mstari wa mwisho kabisa. Sihitaji kina cha ajabu kwa ajili hiyo. Juzi lilikuwa mwavuli, uliotajwa na kijana wa safu ya nyuma saa nzima kabla, na nilipoufikia alisimama kabla sijamaliza kulitamka neno.