Nimekuwa konda, sasa ni mlinzi: naweza kuandika hadithi za kisayansi?

SWALI: Shikamoo dada. Nimebangua korosho kiwandani, nimekuwa konda wa basi la Masasi, sasa nalinda ghala. Nikitoka lindo naandika hadithi ya mji ulio chini ya bahari, ambako watu huuziwa hewa kwa mgao. Nimekutumia sura tatu. Shemeji zangu wanasema mtu asiyetulia kazi moja hawezi kuwa mwandishi, tena hadithi hizi ni za waliosoma fizikia. Niache?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Na kazi hizo usizionee haya, ndizo mtaji wako.

Katika fani hii nampenda Octavia Butler kuliko wote, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, mama yake mtumishi wa ndani. Butler aliosha vyombo, akauza bidhaa kwa simu, akakagua krispi za viazi, na saa nane usiku alikuwa macho anaandika kabla ya kwenda kibaruani. Mwaka 1970 alihudhuria Clarion, warsha ya waandishi wa hadithi za kisayansi, akauza hadithi mbili, kisha ikapita miaka mitano hivi bila kuuza kitu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1976.

Sasa tazama vibarua vile vilivyoingia vitabuni. Katika Kindred (1979), Dana anavutwa ghafla kutoka California hadi Maryland ya enzi za utumwa. Huku kwao alikuwa akipata riziki kwa wakala wa vibarua, na vibarua wenyewe walipaita soko la watumwa. Naamini jina lile lina uzito kwa sababu aliyeliandika alizijua kazi hizo kwa mikono yake. Hadithi fupi ya “Speech Sounds”, ambamo binadamu wamepoteza uwezo wa kusema na kusoma, aliipata baada ya kushuhudia watu wakipigana hadi damu ndani ya basi Los Angeles. Ikampa Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, mwaka 1984. Yeye alikuwa abiria tu. Wewe umesimama mlangoni ukidai nauli!

Kwetu pia njia ipo. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini, alituandikia riwaya ya kisayansi ya Walenisi mwaka 1995. Itafute.

Sura zako zina mitambo mingi, watu wachache. Nani anabeba mitungi ya hewa? Nani anaipima, na mizani yake inapunja vipi? Wewe unajua gunia la korosho linavyopimwa, stakabadhi inavyoandikwa, mkulima anavyoungoja mnada na malipo yake. Iuze hewa hivyo hivyo. Mpe mhusika wako vidole vilivyoungua kwa mafuta ya ganda la korosho. Fizikia unayoihitaji ni ya kina na mgandamizo wa maji, nayo imo katika vitabu vya sekondari.

Sura ya tatu imechoka, na sababu naiona: unaandika ukitoka lindo, macho mazito. Lala kwanza, uandike kabla ya kuingia zamu.

Muswada ukikamilika, ziangalie Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zote hupokea kazi za Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.