Dripu ya chuma na kipimo cha MRI: yaliyonikuta

Ndugu uliyeuliza kuhusu mama yako: figo zake dhaifu, amewekewa dripu ya chuma kwa upungufu wa damu, sasa ana miadi ya MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa) na nyumbani mnaogopa sumaku itakivuta kile chuma. Mimi pia ni mgonjwa wa figo, niko Minnesota, na hili limenipitia.

Hakivutwi. Kama dawa yenyewe ni ferumoksitoli, inayouzwa kwa jina la Feraheme, ni vichembe vya oksidi ya chuma vyenye ganda la sukari, vidogo mno hivi kwamba huwa sumaku vikiwa ndani ya mashine tu. Ukitoka, usumaku umekwisha. Shida iko kwenye picha: kila kichembe kinavuruga sumaku ya pale kilipo, ishara ya maji ya jirani inafifia upesi, na mahali hapo panatoka peusi.

Nilipigwa MRI ya ini wiki 2 baada ya dripu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kuwa ni jambo la kusema. Ini likatoka jeusi tii, ripoti ikasema nina chuma kupita kiasi. Siku 9 sikulala vizuri, hadi daktari wangu wa figo alipolinganisha tarehe.

Baadaye nikajua weusi huo uliwahi kutafutwa makusudi. Feridex, dawa nyingine ya vichembe vya chuma, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa kazi hiyo: seli za Kupffer, yaani seli za ulinzi za ini, kwenye ini zima humeza vichembe na ini huwa jeusi, uvimbe usio na seli hizo hubaki mweupe. Hata ferumoksitoli baadhi ya madaktari huitumia kuonyesha mishipa ya wenye figo mbovu, kwani haitegemei figo kutoka. Gadolini, dawa za kawaida za kung'arisha picha za MRI, zile za zamani zilihusishwa mwaka 2006 na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wagonjwa kama sisi. Za sasa ni salama zaidi. Ila ferumoksitoli nayo inaweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana tangu 2015 huingizwa polepole, si chini ya dakika 15, mgonjwa akiangaliwa.

Kwa mama: picha zaweza kuathirika hadi miezi 3. Mwambieni daktari jina la dawa na tarehe. Kipimo kikiweza kusubiri, kisubiri. Kama ni cha haraka asikikose, wataalamu watachagua picha za T1, aina ya picha za MRI isiyovurugwa sana na chuma hicho. Dripu za chuma ziko nyingi, kwa hiyo angalia kwanza kadi yake ya kliniki imeandikwa ipi.